Mshauri Mwenye Kazi Tatu: Tathmini ya Huduma Iliyoturudishia Jina la Bendi

Ninasimamia bendi ya taarabu ya watu kumi na wawili hapa Mombasa. Jina la bendi ni jina la mojawapo ya pepo zinazovuma katika pwani hii, na sitalitaja kwa kuwa ombi la kulisajili kama alama ya biashara bado halijakamilika. Kwa miaka mingi mialiko yetu ya harusi za mbali, hasa Muscat na Dubai, na mara mojamoja London, imekuwa ikitufikia kwa barua pepe yenye jina la tovuti yetu. Mwaka jana, baada ya Idi ndogo, msimu ambao kwa kawaida hatupati nafasi ya kupumua, barua hizo zilikatika. Tukasema huenda watu wamebana matumizi. Miezi miwili karibu ilipita mpaka shangazi wa bwana harusi mmoja wa Muscat aliponipigia simu na kuniuliza, kwa sauti iliyojaa hasira na huzuni, imekuwaje bendi ya watu wenye heshima zao kuigeuza tovuti yake kuwa ukurasa wa matangazo ya mikopo na kamari.

Tathmini hii inahusu huduma ya mshauri niliyemwajiri kwa siku nne kulitatua jambo hilo. Jina lake silitaji kwa kuwa aliniomba hivyo. Kazi zake huzipata kwa kuelekezwa na wateja wa zamani, na anasema zinamtosha. Hata hivyo nimeona inafaa kuandika kwa urefu, kwa sababu wasimamizi wa bendi tunaofanana na mimi ni wengi, na mtu akijua kazi hii inafanywaje inapofanywa vizuri, atakuwa na kipimo cha kumpimia mshauri yeyote atakayemwendea.

Kabla yake nilikwisha kuwaona watu wawili. Fundi wa kompyuta alinishauri tulisahau jina la zamani, tununue jipya lenye herufi moja ya ziada, naye atujengee tovuti nyingine kwa wiki moja. Wakili alikuwa tayari kumwandikia barua ya madai mtu ambaye wala yeye wala mimi hatukumjua ni nani. Mwenye studio mmoja wa Nyali, baada ya kunisikiliza, ndiye aliyenipa namba ya mwanamama huyu wa Nairobi, akaniambia kwamba fundi atanijengea tovuti na wakili ataniandikia barua, lakini ninachohitaji ni mtu aliyewahi kubeba spika.

Na kweli amezibeba. Mwanamama huyu, anayekaribia umri wa miaka sitini na mitano, alianza kazi kama meneja wa bendi mbili za Nairobi katika enzi za kanda. Anasimulia alivyokuwa akishinda River Road, palipokuwa kitovu cha biashara ya muziki nchini, akihesabu kanda zilizouzwa na zilizorudishwa, na jinsi hesabu ya mwenye duka na hesabu yake zilivyokuwa hazikutani hata siku moja. Intaneti ilipoingia Kenya katikati ya miaka ya tisini, alijifunza kwa sababu moja tu: alichoka kulipia simu na faksi za nje kila alipotafuta maonyesho Ulaya. Walioona amejifunza wakaanza kumwita ofisini kwao awafundishe, na kabla ya miaka mitano kupita alikuwa mshauri wa teknolojia aliyewahi kuwa meneja wa muziki, badala ya kuwa meneja anayejua kompyuta.

Kazi yake ya tatu, ile ya sera za intaneti za kimataifa, ilimfuata kwa njia hiyohiyo. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma za intaneti wa Kenya walifungua kituo cha Nairobi cha kubadilishana data baina yao, KIXP, na baada ya muda mfupi kikafungwa kwa amri ya mdhibiti kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya nje. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Katika kipindi hicho, barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Anasema hapo ndipo alipotambua kwamba kwenye intaneti pia kuna mwenye duka na kuna hesabu zake, akaanza kuhudhuria mikutano. Aliingia katika mkutano wa ICANN, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti duniani, ulipofanyika Nairobi Machi 2010. Akawa katika Jukwaa la Usimamizi wa Intaneti la Umoja wa Mataifa lililofanyika Gigiri Septemba 2011. Na mara ya mwisho alikwenda Kigali, ICANN ilipokutana huko Juni 2024. Nakiri kwamba aliponieleza haya kwenye simu nilikaribia kukata. Nilikuwa na tovuti iliyogeuka duka la kamari. Gigiri na Kigali zilinihusu nini?

Alifika kwa treni jioni, na asubuhi iliyofuata tukakaa naye katika ukumbi wetu wa mazoezi, mzee mpiga udi akiwepo kwa niaba ya bendi. Nilitarajia afungue kompyuta. Hakuifungua. Aliuliza maswali matatu: fedha za kwanza za kulipia jina hili alitoa nani, stakabadhi iliandikwa jina la nani, na ilitumwa kwa anwani gani ya barua pepe. La kwanza nililijibu haraka, kwamba bendi ndiyo iliyolipa, mwaka 2013. La pili na la tatu sikuweza. Tovuti ilitengenezwa na kijana mmoja aliyekuwa chuoni wakati huo, mpwa wa mwimbaji wetu, aliyelipia kwa kadi yake nasi tukamrudishia kwa M-Pesa.

Hapo akatueleza jambo ambalo kwangu mimi lilistahili ada yote. Jina la tovuti, linaloitwa kikoa katika Kiswahili cha kompyuta, halinunuliwi. Hukodishwa kwa mwaka au miaka. Kuna mwenye daftari kuu la majina yote yanayoishia kwa .com, kuna msajili anayeuza kwa rejareja, na kuna mtu aliyeandikwa kuwa mmiliki. Akatufananishia na kanda: mwenye mtambo wa kunakili, mwenye duka, na jina lililo kwenye jalada. Ukiimba wimbo wote wewe, na kwenye jalada likaandikwa jina la mwingine, mwenye duka atamlipa aliyeandikwa. Kijana wetu alijiandika yeye mwenyewe kuwa mmiliki, kwa anwani ya barua pepe ya chuo. Hakuwa na nia mbaya. Fomu ilimuuliza jina, naye akajaza lake.

Mzee mpiga udi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibi, kikoa nikijuacho mimi ni cha watu kula pamoja kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Hiki chenu, inaonekana zamu ilikuwa ya kijana peke yake." Mshauri alicheka mpaka akavua miwani, akaandika maneno hayo katika daftari lake.

Ndipo alipofungua kompyuta, na hakutazama tovuti bali hali ya jina lenyewe katika rejesta. Nitaeleza utaratibu huu kwa kirefu kwa kuwa mameneja wengi hawaujui na siku zake zinahesabika. Muda wa jina la .com unapokwisha, jina halipotei papo hapo. Kwanza kuna muhula ambao msajili anaweza kukuruhusu ulipie kwa bei ya kawaida, muhula ambao hauzidi siku 45 na ambao kila msajili ana kanuni zake juu yake. Mara nyingi katika siku hizo ndipo tovuti huelekezwa kwenye ukurasa wa matangazo. Jina likifutwa na msajili huingia katika kipindi cha ukombozi cha siku 30, ambamo hakuna anayeweza kulichukua isipokuwa aliyekuwa mmiliki, kwa kulipa faini. Baada ya hapo kuna siku 5 ambazo hakuna la kufanya, kisha jina huachiwa na yeyote duniani anaweza kulisajili, na wapo wanaoendesha programu za kunyakua majina ya namna hiyo katika sekunde ileile yanapoachiwa. Sisi tulikuwa ndani ya kipindi cha ukombozi, zikiwa zimebaki siku 17.

Nilimuuliza kwa nini hatukupata onyo lolote, na jibu lake likanionyesha Gigiri na Kigali zinanihusu nini. Onyo lilitumwa. Tangu Agosti 2013 kuna kanuni ya ICANN inayomlazimu msajili kumkumbusha mmiliki mara mbili kabla ya muda kwisha, takriban mwezi mmoja na takriban wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku tano baada ya kwisha. Barua zote hizo zilikwenda kwenye anwani ya chuo ambayo kijana alikwisha kuipoteza. Zamani ungeweza kutazama katika rejesta ya wazi ukaona jina, simu na anwani ya mmiliki. Tangu Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, sehemu kubwa ya taarifa hizo imefunikwa, hata kwa majina ambayo wenyewe hawajawahi kukanyaga Ulaya. Kwa maneno mengine, wakili wangu angeandika barua kwa mtu ambaye jina lake limefichwa kwa sheria ya bara jingine. Mshauri alijua haya si kwa sababu ameyasoma, bali kwa sababu alikaa katika vikao vilivyoyabishania, na alijua pia ni mlango upi uliobaki wazi: tumtafute kijana.

Kijana alipatikana kwa njia isiyo ya kiteknolojia hata kidogo. Mshauri alimwomba mwimbaji wetu avuke feri hadi Likoni kwa mama wa kijana, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tunazungumza naye kwa simu. Yuko Doha, anafanya kazi katika ghala, na alistuka aliposikia. Niliona hapo umeneja wa zamani ulivyomsaidia mshauri. Hakumlaumu kijana hata kwa neno moja. Alimshukuru kwa kuitunza tovuti kwa miaka yote hiyo bila malipo, akamwambia kwamba bendi ingependa kumlipa kwa saa chache za usaidizi, kisha akamwelekeza hatua kwa hatua jinsi ya kumthibitishia msajili kwa pasipoti kwamba ni yeye, kuomba ukombozi na kulipa. Faini ilikuwa karibu mara nane ya ada ya mwaka mzima. Siku ya tatu jina lilirudi.

Kulikuwa na mtego mmoja ambao mimi ningeuingia. Nilitaka jina lihamishwe mara moja kwenda kwa msajili wa hapa nyumbani. Mshauri alinizuia, kwa kuwa kubadilisha jina la mmiliki huweza kulifunga jina lisihamishwe kwa msajili mwingine kwa siku 60, na kufanya mambo mawili kwa pamoja kunaweza kuliacha katikati, halipo huku wala kule. Tukabadilisha mmiliki kwanza, kutoka kijana kwenda kwa bendi kama biashara iliyosajiliwa, tukiwa palepale kwa msajili wa zamani. Pamoja na hilo alitushauri tusajili jina lilelile chini ya .co.ke, linalolipiwa kwa shilingi na kwa M-Pesa, ili kuwe na nyumba ya pili. Hapa alitusimulia kwa dakika arubaini namna .ke ilivyosimamiwa tangu mwaka 1993 hadi ilipokabidhiwa KeNIC mwaka 2002. Simulizi hiyo ilikuwa nzuri, ila mpiga kinanda alisinzia.

Jioni ya siku hiyo nilimuuliza swali lililokuwa likinikera: je, kama tungechelewa na mtu akalinyakua, tungelipata tena? Alisema kuna utaratibu wa usuluhishi wa kimataifa ulioanzishwa na ICANN mwaka 1999, ambao mlalamikaji hupeleka shauri, kwa mfano, kwa Shirika la Hakimiliki Bunifu Duniani, WIPO, ambako ada ya shauri la jina moja mbele ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500. Ni lazima uthibitishe mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yako ya biashara, kwamba aliyelichukua hana haki wala maslahi halali juu yake, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Akatupa mifano miwili ya mwaka 2000 kutoka katika ulimwengu wetu wa muziki. Mwimbaji Madonna alishinda na kupewa madonna.com, alikuwa ameliandikisha jina lake kama alama ya biashara, na aliyelishika alilinunua akaliwekea picha za ngono. Mwimbaji Sting alishindwa kulipata sting.com, jopo liliona kwamba neno hilo ni neno la kawaida la Kiingereza, na aliyelishika alikuwa akilitumia kama jina la utani kwa miaka kadhaa.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza jina letu lina maana gani. Nikajibu kwamba ni upepo. Akasema, "Basi, Bwana meneja, nyinyi ni Sting." Kesho yake tulianza kutayarisha ombi la alama ya biashara kwa taasisi ya KIPI, inayosajili alama hizo nchini, katika daraja la 41 ambamo huduma za burudani huwekwa, na usajili ukikubaliwa hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Sehemu hii ya kazi haikuwamo katika hadidu za rejea tulizokubaliana, na hakuitoza.

Siku mbili za mwisho zilikuwa za kukagua kila mahali jina na nyimbo zetu zilipo. Chaneli yetu ya YouTube ilikuwa imefunguliwa kwa akaunti ya meneja aliyenitangulia, na simu ya kurejeshea nenosiri ilikuwa laini iliyokwisha kugawiwa mtu mwingine. Meneja huyo, kwa bahati, tunaelewana. Alituongeza kuwa wamiliki, na baada ya kungoja siku saba zinazotakiwa tukafanywa mmiliki mkuu. Barua pepe yetu ilikuwa haina vithibitisho vinavyoiambia seva ya mpokeaji kwamba barua imetoka kwetu kweli, jambo ambalo tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamelikazia hasa kwa wanaotuma barua nyingi, na pengine ndiyo sababu majibu yetu kwa baadhi ya wateja yalikuwa yakiishia katika takataka. Haya aliyarekebisha kwa saa moja, kimyakimya, bila hotuba.

Kwenye mikataba na nyimbo nilimwona akiwa na nguvu zaidi na, papo hapo, na upungufu wake ulio wazi. Alichukua mkataba tuliosaini na msambazaji mmoja wa muziki wa mtandaoni akausoma kwa kalamu nyekundu. Alisimama kwenye maneno yanayompa msambazaji haki katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, akasema yeye alisaini maneno hayohayo kwa ajili ya kanda, na miaka michache baadaye akazikuta nyimbo za bendi yake katika CD dukani bila senti moja kumfikia mpigaji yeyote. Alisimama tena kwenye kifungu kinachouhuisha mkataba wenyewe kila mwaka usipotoa notisi ya maandishi siku 90 kabla. Mimi nilikuwa nimeusoma mkataba huo mara mbili na sikuviona vyote viwili, au niliviona nisivielewe, ambalo ni jambo lilelile.

Kisha tukatengeneza jedwali la nyimbo zote 41: nani ametunga, nani amepiga, nani amegharimia kurekodi, na namba ya ISRC, ile yenye tarakimu na herufi 12 inayoitambulisha kila rekodi. Hii ni kwa sababu nchini Kenya, kwa miaka mingi, haki hizi zilikuwa na milango tofauti, yaani vyama vya kukusanya mirabaha: watunzi walikwenda MCSK, waliogharimia kurekodi walikwenda KAMP, na wapigaji na waimbaji walikwenda PRISK, na bendi iliyobisha hodi mlango mmoja iliacha fedha katika mingine miwili. Wazo ni zuri, lakini mshauri alijaza safu ya mtunzi kwa jina la mwimbaji katika nyimbo karibu zote. Mzee mpiga udi alimsimamisha. Katika taarabu, alimweleza, mtunga shairi ni mmoja, mtia lahani ni mwingine, na mwimbaji aghalabu si huyu wala yule. Shairi huenda limetungwa na bibi wa Lamu ambaye hajawahi kupanda jukwaani. Mshauri alikuwa ameyazoea magitaa ya Nairobi ambako mwimbaji ndiye mwenye wimbo. Tulirudia jedwali zima, na nusu ya siku ya nne iliishia hapo. Sikupenda kulipia saa hizo, ingawa jedwali lililotoka ndilo la kwanza katika maisha ya bendi lenye majina ya washairi wetu. Safu ya tuzo, yaani fedha ambazo wanawake hututunza ukumbini wimbo unapowagusa, hatukuiweka, kwa kuwa mzee alikataa zisiandikwe popote.

Upungufu mwingine ni huu. Anajua kidogo sana kuhusu video fupi ambazo vijana husambaza nyimbo kwazo siku hizi. Nilipomuuliza kuhusu vipande vya nyimbo zetu vinavyotumiwa na watu katika video za harusi, alikiri kwa uungwana kwamba hapo anikabidhi kwa mtu mwenye umri wa wajukuu zake. Ripoti yake ilikuja kwa Kiingereza kizito cha mikutano, kurasa 22, ilhali watu waliopaswa kuisoma ni wapiga fidla na dumbaki. Nilipoomba ya Kiswahili nilingoja wiki tatu, ingawa ilipofika ilikuwa fasaha, na neno kikoa lilikuwa na tanbihi yenye maneno ya mzee. Na hupotelea mikutanoni: kuna wiki ambazo ukimpigia utajibiwa usiku wa manane kwa saa za mji usioujua.

Ada yake ilikuwa shilingi 18,000 kwa siku, nauli na malazi vikiwa juu yetu, mbali na faini ya ukombozi na gharama za usajili. Kwa bendi yetu kiasi hicho ni sawa na harusi moja ya hapa mjini baada ya kuwalipa wapigaji, na harusi ya kwanza ya Muscat iliyotufikia kwa anwani iliyorudishwa ilikifidia na kubakisha. Kwa kijana mwenye nyimbo mbili na simu moja singemshauri atumie fedha hizo. Afungue akaunti zake kwa jina lake na namba yake mwenyewe, aweke stakabadhi, na kwa sasa inatosha. Bali kwa bendi ya zamani, kikundi cha kaswida, au warithi wa msanii aliyefariki, watu ambao jina lao limepita mikononi mwa mafundi na mameneja wengi, sijaona huduma nyingine inayotazama mkataba, seva na kanuni kwa jicho moja. Waliotazama kimoja kimoja walinipa majibu mawili yasiyokutana.

Shauri la msambazaji bado halijamalizika. Notisi yetu inatakiwa imfikie kabla ya tarehe 2 Oktoba, na nimemwomba mshauri siku moja nyingine ya kuiandaa. Amejibu kwamba wiki hiyo atakuwa mkutanoni ng'ambo, hivyo tutafanya kazi kwa simu baada ya sala ya Isha, kwa bei ileile, na safari hii ataandika kwa Kiswahili tangu mwanzo.